Programu ya Kuhariri Video za Droni: Tazama Laptopu Kwanza, Jina Baadaye

Swali ninaloulizwa sana siku hizi halihusu kuandika programu hata kidogo. Ni hili: "Nimenunua droni, nitumie programu gani kuhariri video zangu?" Na anayeuliza huwa ana jibu lake tayari. Ameambiwa na rafiki kwamba mafundi wote wa video wanatumia Premiere, au ameona mahali kwamba DaVinci Resolve hupatikana bure na ndiyo inayotumiwa kupaka rangi filamu za Hollywood. Kwangu anataka baraka tu.

Leo sitoi baraka. Naweka msimamo wangu hapa juu ili asiye na nafasi aende zake mapema: kwa mtu anayerusha droni kwa kujifurahisha, tena mwenye laptopu ya kawaida kama tulizo nazo wengi Kenya, programu inayomfaa ni ile yenye mambo matatu. Iwe inajua kutengeneza proksi (nitaeleza ni nini). Iwe haiitishi mashine ambayo hana. Na awe anaweza kuifungua tena baada ya miaka 5 bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa wengi wetu hiyo ni Shotcut au Kdenlive. Wenye mashine nzito waende Resolve. Premiere iliyovunjwa kufuli isiwe jibu la mtu yeyote.

Najua wengine mmeshakunja uso. Ngojeni kidogo, nina sababu zangu.

Kwanza, video ya droni ina kazi gani?

Watu huchagua programu kwa kusoma orodha ya vitu inavyoweza kufanya. Orodha ikiwa ndefu, wanadhani programu ni nzuri. Mimi nasema tuanze upande wa pili: video ya droni inahitaji nini hasa?

Mtu anayehariri harusi ana kamera tatu za kupatanisha, ana sauti ya kasisi, ana hotuba ya mjomba isiyokwisha, ana maikrofoni iliyokwaruza. Mwenye droni hana hayo. Droni ndogo za DJI hazirekodi sauti, na hata zingerekodi ungesikia mngurumo wa mapanga yake tu. Kamera ni moja. Picha haitikisiki, kwa sababu nyingi ya droni hizi zina gimbali ya mihimili 3 ambayo imeshaituliza huko huko angani. Kwa hiyo ile kazi ya kutuliza picha, inayokula nguvu ya kompyuta kuliko nyingine nyingi, umeshafanyiwa kabla hujashuka.

Kinachobaki ni hiki: kuchagua sekunde 6 nzuri kati ya dakika 4 za kuzungukazunguka, kuzipanga, kurekebisha mwanga na rangi, kuongeza au kupunguza kasi, kuweka muziki na jina, kisha kutoa faili. Basi! Kila programu nitakayoitaja hapa inafanya hayo yote. Yaani ukichagua kwa kuhesabu uwezo, unalinganisha vitu ambavyo hutavigusa.

Walio nje ya hesabu hii ni wale wa FPV, wanaovaa miwani na kupita katikati ya miti kwa kasi. Wengi wao picha zao zinatikisika kweli. Hao watafute Gyroflow, programu huria inayosoma data ya jairoskopu iliyorekodiwa pamoja na video na kuinyoosha picha kwa hesabu hizo. Wakimaliza hapo, wanarudi kwenye foleni pamoja nasi.

Mzigo wenyewe

Kama uwezo si tatizo, tatizo ni nini? Ni uzito. Hapa ndipo wengi hukwama, na ndipo lawama huangukia programu isiyo na kosa.

Tuchukue DJI Mini 2, iliyotoka mwaka 2020 na ambayo bado iko mikononi mwa watu wengi. Inarekodi 4K kwa megabiti 100 kila sekunde. Gawanya kwa 8, unapata megabaiti 12.5 kwa sekunde, yaani megabaiti 750 kwa dakika moja. Ukirekodi dakika 20 katika betri moja, umepata gigabaiti 15. Betri tatu ni 45. Mini 3 Pro ya 2022 na Mini 4 Pro ya 2023 zinapanda hadi megabiti 150 kwa sekunde, hivyo dakika moja inapita gigabaiti 1. Laptopu yenye SSD ya gigabaiti 256, ambayo nusu yake imeshaliwa na Windows na picha za familia, inajaa baada ya Jumamosi chache tu.

Lakini ukubwa wa faili ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni namna video ilivyofungwa. Kodeki za H.264 na H.265 hazihifadhi kila fremu nzima. Zinahifadhi fremu moja kamili, kisha zinaandika tu mabadiliko yanayofuata, hadi fremu nyingine kamili itakapofika. Ndiyo sababu faili inakuwa ndogo. Kwa kutazama tu, hakuna shida, maana unatoka mwanzo kwenda mwisho. Kwa kuhariri ni balaa, kwa sababu wewe unarukaruka. Ukiiambia programu "nionyeshe fremu ya 40", inabidi irudi kwenye fremu kamili iliyotangulia na kujenga upya yote yaliyo katikati. Ni kama kumwuliza mzee habari za jana, naye akaanza na mwaka aliozaliwa babu yake.

Kazi hiyo inakuwa nyepesi kama chipu ya kompyuta ina sehemu maalumu ya kufungua kodeki hiyo. Hapa naomba wenye laptopu za mitumba, hizi tunazoziita ex-UK, wanisikilize vizuri. Intel iliweka sehemu hiyo kwa ajili ya H.264 tangu chipu za kizazi cha 2, mwaka 2011. H.265 ya biti 8 ilikuja na kizazi cha 6, mwaka 2015. H.265 ya biti 10 ikaja kikamilifu na kizazi cha 7. Kwa hiyo HP EliteBook 840 G3 au ThinkPad T460, ambazo ni za kizazi cha 6, zitahangaika sana na video ya biti 10, huku ndugu zao wa mwaka uliofuata wakiifungua vizuri. Nambari moja tu ya kizazi! Hakuna programu ya kuhariri itakayobadilisha hilo, iwe ya bure au ya dola elfu.

Basi ushauri wa kwanza haugharimu senti: kama laptopu ni ya zamani, ingia kwenye mipangilio ya droni na urekodi kwa H.264 ya biti 8. Zile rangi bapa za D-Log M waachie wenye mashine za kuzibeba. Rangi ya kawaida ya DJI inatosha kabisa kwa machweo ya Ziwa Victoria.

Proksi, neno la kukumbuka

Proksi ni nakala ndogo ya video yako. Programu inatengeneza nakala nyepesi ya kila klipu, wewe unakata na kupanga ukitumia hizo nakala, na wakati wa kutoa video ya mwisho programu inarudi yenyewe kwenye faili asili za 4K. Picha ya 4K ina nukta 3840 kwa 2160. Picha ya 720p ina nukta 1280 kwa 720. Piga hesabu, utaona ya kwanza ina nukta mara 9 ya ya pili. Ukihariri kwa proksi umeiondolea mashine sehemu nane kati ya tisa za nukta, na hujapoteza chochote kwenye matokeo.

Kwangu hiki ndicho kipimo cha kwanza. Programu isiyotengeneza proksi, kwa mwenye laptopu ndogo, ni mapambo.

Na kuna siri ambayo watu wengi wameikalia bila kujua. Baadhi ya droni za DJI, ikiwemo Mini 3 Pro, huandika kwenye kadi faili yenye mwisho wa .LRF kando ya kila video. Watu huifuta wakidhani ni takataka. Hiyo ni nakala ndogo ya video ile ile, ambayo droni imeitengeneza kwa ajili ya kutazamia kwenye simu. Badilisha mwisho wa jina kutoka .LRF kuwa .MP4, na itafunguka kama video ya kawaida. Yaani proksi umeshatengenezewa bure, hukusubiri hata dakika. Kdenlive ina mpangilio wa proksi za nje, ulioundwa kwa ajili ya nakala kama hizi zinazotoka kwenye kamera yenyewe.

Sasa tuwaite wagombea mmoja mmoja

DaVinci Resolve. Nianze na huyu kwa sababu ndiye mwenye mashabiki. Blackmagic Design ya Australia iliinunua kampuni ya da Vinci mwaka 2009, na baadaye ikatoa toleo la bure ambalo kweli ni la bure: halibandiki nembo kwenye video, halina kikomo cha siku 30, na linatoa hadi 4K ya kawaida kwa fremu 60. Toleo la kulipia, Studio, limekuwa kwenye dola 300 hivi tangu 2017, unalipa mara moja. Kwa rangi, hakuna anayeifikia kati ya hizi. Nasema hivyo bila kinyongo.

Lakini wenyewe wanapendekeza kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 16, na kadi ya picha ya maana. Laptopu nyingi za ex-UK zinakuja na 8, na kadi ya picha inayokopa kutoka kwenye hizo hizo 8. Itafunguka, ndiyo. Itakuonyesha nembo yake nzuri. Kisha utaanza kuhesabu muda. Kwa sisi wa Linux kuna kisiki kingine: kwa miaka mingi toleo la bure la Linux limekuwa halifungui video za H.264 na H.265, ambazo ndizo pekee droni yako inazotoa. Unalazimika kuzigeuza kwanza kuwa kodeki nyingine, na faili zinavimba mara kadhaa. Mwenye RAM ya 16 au zaidi na kadi ya picha yake, kwenye Windows au Mac, achukue Resolve na asigeuke nyuma.

Adobe Premiere. Ni programu nzuri, sina ubishi. Ila mwaka 2013 Adobe ilitangaza kwamba haitatoa tena matoleo ya kununua, na tangu hapo ni kulipa kila mwezi. Bei ni zaidi ya dola 20 kwa mwezi. Kwa mtu anayepiga video za harusi kila wikendi, hiyo ni gharama ya biashara kama mafuta ya pikipiki kwa mtu wa bodaboda. Kwa mtu anayerusha droni mara mbili kwa mwezi kule Ngong, ni kodi ya nyumba asiyolala.

CapCut. Ni ya ByteDance, wenye TikTok. Kwa video ya sekunde 30 kutoka kwenye simu, sijaona nyepesi kuliko hiyo, na sitamkataza mtu. Lakini vitu vingi vilivyokuwa vya bure vimeendelea kuhamia upande wa kulipia. Na Januari 2025, TikTok ilipozimwa Marekani, CapCut ilizimika pamoja nayo, kabla ya kurudi baadaye. Watu waliamka wakakuta kiwanda kimefungwa kwa sababu ya kesi isiyowahusu. Mimi kama mwandishi wa programu, hilo linanikosesha usingizi kuliko kukosekana kwa madoido.

Clipchamp. Microsoft iliinunua mwaka 2021 na sasa inakuja ndani ya Windows 11. Wale wanaoikumbuka Windows Movie Maker, iliyostaafishwa Januari 2017, huyu ndiye mrithi. Toleo la bure linatoa hadi 1080p bila nembo. Kwa kujaribu tu, sawa. Kwa mtu mwenye gigabaiti 45 za Jumamosi, atachoka mapema.

Kdenlive na Shotcut. Hizi ni programu huria, neno ambalo Waswahili tumekuwa nalo tangu enzi za Jambo OpenOffice kule Dar es Salaam, mwaka 2004. Kdenlive ilianza 2002 na sasa iko chini ya jumuiya ya KDE. Shotcut inaongozwa na Dan Dennedy, mmoja wa walioanzisha injini ya MLT. Na injini hiyo hiyo ndiyo iliyo chini ya Kdenlive pia, kwa hiyo hawa ni watoto wa mama mmoja wenye sura tofauti. Zote mbili ziko kwenye Linux, Windows na Mac. Zote mbili zinatengeneza proksi. Shotcut iliongezewa uwezo huo mwaka 2020.

Shotcut ni ya mtu anayetaka kufungua na kuanza kazi. Kdenlive ni ya mtu anayependa vitufe vingi na nyimbo nyingi za video juu ya nyingine. Je, zina kasoro? Zinazo. Upande wa rangi haziikaribii Resolve. Kdenlive imewahi kuwa na sifa ya kuzima ghafla, na hata leo nashauri uhifadhi mradi kila baada ya dakika chache. Sura zake hazikupitia mikono ya wabunifu wa mishahara mikubwa. Lakini zinafanya ile orodha fupi niliyoitaja mwanzoni, kwenye mashine uliyo nayo, leo.

Habari ya "nimewekewa bure"

Sasa tuseme ukweli ambao hatupendi kuusema. Wengi wa wanaoniambia wanatumia Premiere hawalipi dola 20. Wamewekewa na kijana mmoja katikati ya jiji, kwa bei ya chakula cha mchana, kutoka kwenye flashi. Na kitu cha kwanza alichofanya kijana ni kuzima kinga ya virusi, "kwa sababu inasumbua".

Sitahubiri habari za sheria, ingawa sheria ya hakimiliki ipo na ninaishi kwa kuandika programu, kwa hiyo mnajua niko upande gani. Nataka tu mwazie kilichotokea hapo. Umechukua faili iliyobadilishwa na mtu usiyemjua, ukaipa ruhusa ya juu kabisa, ukamfukuza mlinzi aliyekuwa mlangoni. Kwenye mashine hiyo hiyo kuna barua pepe yako, nenosiri la benki, na pengine akaunti ya mwajiri wako.

Wala si hadithi za kutisha watoto. Februari 2023 watafiti wa Jamf walieleza namna nakala za wizi za Final Cut Pro zilivyofichwa ndani yake programu ya kuchimba sarafu za kidijitali. Mtu anahariri video, kompyuta inamchimbia mwingine pesa. Na mhariri wa video ni mtego mzuri kuliko programu nyingine, maana mashine ikipata joto na feni ikalia, wewe unasema, "Ah, ni 4K hiyo." Hushuku chochote.

Kama programu isiyo ya wizi ingekuwa haipo, ningeelewa. Lakini ipo, tena si moja. Resolve ya bure iko. Shotcut iko. Kuvunja kufuli ili uingie kwenye nyumba ambayo jirani yake iko wazi na chai imeshamiminwa, huo ni ukaidi tu.

Mradi wako ni wa nani?

Jambo hili wengi hulidharau hadi siku lifike. Video iliyokamilika ni MP4, itafunguka popote. Lakini mradi, yaani ile kazi ya kukata na kupanga, unakaa katika muundo wa programu uliyotumia. Ukiacha kulipa, au kampuni ikibadilisha mawazo, mradi unabaki kama kabati ambalo ufunguo wake uko kwa mwenye nyumba.

Miradi ya Shotcut na Kdenlive ni faili za XML. Ni maandishi. Unaweza kuifungua kwa Notepad, ukasoma jina la kila klipu na mahali ilipokatwa. Ukihamisha folda ya video kwenda diski nyingine na viungo vikakatika, unaweza kubadilisha njia zote kwa kutafuta na kubadilisha, kama unavyofanya kwenye barua. Mimi huiweka miradi yangu kwenye Git, pamoja na kodi ninayoandika. Resolve huhifadhi miradi ndani ya hifadhidata, na inakubidi ukumbuke kuitoa mwenyewe ukihama mashine. Si kosa, lakini ni tofauti unayopaswa kuijua kabla.

Kwa mwenye droni hili lina uzito wake. Picha ya leo ya shamba la wazazi wako, au ya ufuo wa Diani kabla ya hoteli nyingine kujengwa, thamani yake itakuwa juu zaidi baada ya miaka 10 kuliko leo. Utataka kuirudia. Chagua chombo kitakachokuruhusu.

"Lakini Premiere itanipatia kazi"

Hili ndilo pingamizi lenye nguvu, na nalipa heshima yake. Ni kweli matangazo mengi ya kazi za uhariri yanataja Premiere. Kama lengo lako ni ajira, jifunze Premiere, tena lipia mwezi mmoja au miwili wakati unaihitaji. Lakini mtu wa kujifurahisha na mtafuta kazi ni watu wawili, hata kama wanakaa kwenye kiti kimoja. Tena jicho la kujua mahali pa kukata halina nembo ya kampuni. Ukijifunza kwa Shotcut kwamba klipu ya sekunde 15 ya droni inachosha na ya sekunde 5 inavutia, somo hilo utahama nalo. Na ukitaka chombo cha kitaaluma bila wizi, Resolve ya bure imekaa hapo inakungoja.

Pingamizi la pili ni la wenye simu: "Mimi simu inanitosha." Inawezekana! Kama unachotoa ni sekunde 30 za WhatsApp, hariri kwenye simu na ulale mapema. Makala haya ni ya yule ambaye kadi yake imejaa.

Basi nifanye nini?

Nitawapa utaratibu ninaoutumia, mjaribu wenyewe.

Kwanza, punguza kabla ya kuhariri. Usiingize klipu zote 40 kwenye programu. Tumia LosslessCut, programu huria ndogo inayokata video bila kuifunga upya. Wenye mkono wa amri watumie FFmpeg moja kwa moja:

ffmpeg -ss 00:01:20 -to 00:01:45 -i DJI_0012.MP4 -c copy kipande.mp4

Hiyo inachukua sekunde 25 tu kutoka kwenye faili, kwa kunakili, kwa hiyo inaisha kufumba na kufumbua hata kwenye mashine dhaifu. Mkato utasogea kidogo kwenda kwenye fremu kamili iliyo karibu, kwa sababu ile ile ya babu niliyoeleza, kwa hiyo acha nafasi ya sekunde chache kila upande. Gigabaiti 45 zinaweza kushuka hadi 5 kabla hujafungua mhariri wowote.

Pili, fungua mradi wa 1080p hata kama video ni ya 4K. Picha ya 4K ina nukta mara 4 ya 1080p, kwa hiyo unaweza kukuza hadi mara mbili, ukaondoa nguzo ya stima pembeni, na bado picha ikawa safi. Mradi uwe na fremu kwa sekunde sawa na zile ulizorekodia. Ukirekodi 30 na kutoa 25, mwendo wa droni utakuwa na kigugumizi, na kosa utampa mhariri.

Tatu, washa proksi kabla ya kuingiza klipu. Zikianza kutengenezwa nenda ukanywe chai.

Nne, toa kwa kiasi. YouTube yenyewe inapendekeza megabiti 8 kwa sekunde kwa 1080p ya fremu 30, na 35 hadi 45 kwa 4K. Video ya dakika 3 ya 1080p inakuwa kama megabaiti 180. Ile ya 4K, kwa megabiti 40, inakuwa megabaiti 900. Kama unapakia kwa bando la simu, unajua tofauti hiyo inaumiza wapi.

Tano, usalama. Ukiwa umewasha manukuu ya video, droni ya DJI huandika faili ya .SRT yenye mahali ulipo, sekunde kwa sekunde. Usiitume pamoja na video ya boma lenu. Na kabla ya hayo yote, kanuni za mwaka 2020 zinataka droni isajiliwe kwa KCAA, na ukomo wa kawaida wa kuruka ni futi 400. Hakuna mhariri atakayekata kesi.

Jaribuni hivi: chukua klipu moja, ile nzito kuliko zote ulizo nazo. Iweke kwenye programu mbili, kwa laptopu yako mwenyewe, si ya mtu wa YouTube. Kata mara kumi, weka rangi, toa video. Ile itakayokufikisha mwisho bila kukutoa jasho ndiyo yako, hata kama hakuna atakayekusifu kwa kuitaja.

Haya, mimi nimesema yangu. Walio na Resolve kwenye RAM ya 8 na inakwenda vizuri, nielezeni mmefanyaje. Na wewe mwenye flashi ya yule kijana wa mjini, washa kinga ya virusi kwanza, kisha tuzungumze.